Nina milioni moja na laki nane: bodi ya pili (kamera yenyewe bila lenzi) au lenzi? Natumia Canon 6D, niko Mwanza

FotoWaPasiansi

Mwangaluka wakuu, poleni na majukumu. Naombeni ushauri mana kila ninayemuuliza ana lake, na mimi nikilala naamka nimebadilisha mawazo tena.

Napiga picha hapa Mwanza. Kazi kubwa ni harusi, sendofu na kichen pati, msimu ukichanganya wikiendi hazinitoshi, katikati ya wiki ni vipaimara, mahafali na wale wa kupiga picha Capri Point jioni jua likiwa linazama upande wa ziwani. Ninayo Canon 6D moja, lenzi ya 24-105 f/4 ile ya kwanza, na ka-50mm f/1.8 STM, flashi mbili na triga zake. Basi. Nimejichanga imefika milioni moja na laki nane, kukopa sitaki, hii mikopo ya kausha damu nimeona ilivyowafanya majirani zangu.

Sasa, roho moja inataka 70-200 f/2.8, lenzi ya kuvuta mbali, hata ile ya zamani isiyo na stabilaiza (ile ya kutuliza mtikisiko wa mkono), mana kanisani nabanwa sana. Kuna ndoa moja majuzi padri alishasema mapema hamna flashi na hamna mtu wa kamera kuvuka ngazi ya madhabahu, nikasimama pembeni ya nguzo, zumu nimeivuta mpaka 105 imegota, apacha (tundu la mwanga, namba ikishuka tundu linapanuka) f/4 haishuki tena, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 6400, shata 1/80 ya sekunde, pete ndo inaingia kidoleni na mkono wa bibi harusi unatetemeka, kwenye picha ule mkono umecheza na nyuso zao ni ndogo kwenye fremu. Mteja kaipenda picha yake, lakini mimi nikiivuta kwenye kompyuta naona.

Roho nyingine inasema wewe una kamera moja tu na unachukua advansi za watu. Halafu kila nikibadilisha lenzi ukumbini kuna kitu kinanipita, nimeshika 24-105 mkono huu, kifuniko cha nyuma cha 50 nimekibana na midomo, ndo MC anaita wazazi wa bwana harusi waje walishwe keki.

Nimeulizia bei za vitu vya mkononi, hela hii inatosha 70-200 ile ya zamani, au 5D Mark III, au 6D nyingine na chenji ikabaki. Vyote kwa pamoja haiwezekani. Mngekuwa nyie mngefanyaje? Na mwezi wa sita kuna watu wanataka nikawapigie picha za ngoma Bujora, kule makumbusho ya Wasukuma, ya kulipwa, kwa hiyo mjue hilo pia.

SatoWaKukaanga

Lenzi. Bodi zinashuka bei kila mwaka, lenzi nzuri utamrithisha mtoto. Nimemaliza.

Mama Wawili

@SatoWaKukaanga utamrithisha mtoto na fangasi ndani yake, kwa unyevu huu wa ziwani 😂😂

Kamongo

Mhola mdogo wangu. Hapo mbona umeshajijibu mwenyewe, umesema unachukua advansi za watu.

Mtu anayepiga picha kwa kujifurahisha nitamwambia anunue lenzi bila kufikiria mara mbili. Wewe unauza kitu ambacho hakirudiwi, hakuna bibi harusi atakayevaa shela tena Jumatatu kwa sababu kamera yako imezima. Na 6D ina sloti moja tu ya kadi, kadi ikifa imekufa na harusi yote. Kuna jamaa tunafanya naye kazi shata ilimgomea ukumbini hata keki haijakatwa, akamalizia shughuli kwa simu, kamati ya harusi ilimkalia kikao kama mwizi wa ng'ombe, hela akarudisha na ule ukoo mzima hawamwiti tena. Kamera haikuwa mbovu, ilikuwa imechoka tu na hamna aliyejua. Wavuvi wetu hapa wana injini na bado kasia liko ndani ya mtumbwi.

Mimi ningechukua 5D Mark III. Yenyewe na 6D yako zinatumia betri ile ile LP-E6, rangi zinakaribiana mana zote za 2012, kwenye kuediti hutahangaika. Sloti mbili za kadi, moja ya CF (ile pana ya zamani) moja ya SD, unaiambia iandike kote. Ila ujue sloti yake ya SD ni ya kizamani, haina ile spidi ya UHS, ukiandika RAW (faili ghafi, zito) kote mbili kamera inakuwa nzito, wengi wetu tunaweka RAW kwenye CF na JPEG kwenye SD kama akiba. Fokasi ina nukta 61 na 41 kati ya hizo ni za msalaba (zinasoma mistari ya wima na ya kulala, zinashika vizuri zaidi), wakati 6D ina 11 na ya msalaba ni ile ya katikati peke yake, ndo mana ukitumia za pembeni ukumbini inatafuta tafuta mpaka bibi harusi kakaa chini. Nisiidhulumu 6D lakini, ile nukta yake ya katikati inashika fokasi mpaka giza la -3 EV (namba ikishuka giza ni zaidi), 5D III inaishia -2. Kwa hiyo ile ya zamani usiuze, utakuja kuihitaji.

KijanaWaMjini

Wazee mnashauriana kununua mitumba ya 2012 mwaka huu? Canon wenyewe wamehamia kwenye zile zisizo na kioo ndani. Uza vyote ingia kwenye EOS R.

Kamongo

@KijanaWaMjini auze vyote apate nini, bodi moja? Si atarudi pale pale alipo, kamera moja. Lenzi zake za EF zikija kuhitaji kuhama zitahama kwa adapta, hazitamkimbia.

BintiKitangiri

Habari zenu. Mimi niko upande wa lenzi ila siyo hiyo 70-200, naomba nieleze mana naona watu wengi wanaitamani kwa sababu ni nyeupe na kubwa mteja akiona anajua fotografa kaja.

Kaka FotoWaPasiansi fanya hesabu ya ile ile picha ya pete. Ulikuwa f/4, 1/80, ISO 6400. Ukihamia f/2.8 mwanga unaongezeka mara mbili, basi, siyo zaidi, unapata 1/160. Lakini sasa uko 200mm na lenzi haina stabilaiza, wakati 24-105 yako inayo, kwa hiyo 1/160 haikutoshi mkono wenyewe ukicheza, unatakiwa 1/200 kwenda juu. Maana yake ISO haijashuka, imepanda kidogo. Umetumia hela zako zote umepata ukaribu tu, mwanga uko pale pale. Ile yenye stabilaiza, toleo la pili, ndo lenzi kweli kweli, ila kwa hela hiyo hata ya mkononi sidhani utaipata iliyo nzima, na ina karibu kilo moja na nusu, saa tano usiku utaichukia.

Sasa chukua 85mm f/1.8. Kutoka f/4 kwenda f/1.8 mwanga ni karibu mara tano. Picha ile ile unapiga 1/200 kwa ISO 3200. Ni ndogo, haifiki nusu kilo, ya mkononi ni nusu ya bei ya hiyo nyeupe au chini yake. Ukaribu utakosa kidogo, lakini faili la megapikseli 20 lisilo na kelele (zile chenga za ISO kubwa) unaweza kulikata.

Na kabla hujatoa hela fanya kitu kimoja cha bure. Fungua Lightroom, ingia sehemu ya kuchuja picha kwa metadata, chagua urefu wa lenzi, halafu angalia harusi zako zote za mwaka uliopita umepiga kwa milimita ngapi. Mtu akiniambia anahitaji lenzi ndefu huwa namwambia nionyeshe kwanza.

Mzee wa Flashi

Mna flashi mbili na triga mnaongea ISO 6400? Ukumbini weka moja kila kona nyuma, zielekeze kwenye dari kama ni jeupe, shata yako ya 6D isizidi 1/180, umemaliza. Kanisani sawa, padri ni padri.

Mama Wawili

Shikamoo mzee. Kumbi za siku hizi dari ni kitambaa cha zambarau na taa za rangi zinazunguka, ukielekeza flashi juu watu wote wanakuwa rangi ya bilinganya.

Mzee wa Flashi

Marahaba mwanangu. Basi elekeza ukutani.

Mama Wawili

Ukutani kuna kitambaa kingine 😂

FotoWaPasiansi

Wakuu nawashukuru, nimekaa na kompyuta jana usiku mpaka umeme ulipokata, dada BintiKitangiri umenifungua macho.

Kwa picha zile nilizompa mteja (siyo zote nilizopiga), karibu nusu ni kati ya 24 na 35, hizo ni za makundi, meza kuu, watu wanacheza. Halafu kuna mlima mwingine mkubwa hapo hapo kwenye 105 kamili, yaani zumu imegota, na hizo karibu zote ni kanisani na wakati wa hotuba. Katikati hamna kitu cha maana. Kwa hiyo kweli nahitaji kwenda mbele, sikuwa najidanganya.

Ila kilichonishangaza ni 50mm. Ni picha chache sana, lakini nikienda kwenye kurasa za wateja wangu kuangalia waliyoweka profaili, nyingi ni hizo hizo chache za 50. Sasa naona lenzi ninayo ila siivai, kwa sababu kuivaa ni kuvua nyingine na shughuli haisubiri.

SatoWaKukaanga

Nilisema lenzi

Kamongo

Soma tena Sato. Mtu anasema lenzi anayo ila hana pa kuichomeka, hiyo ni bodi.

Bugobogobo

Jamani nimesoma toka juu mnazungushana wakati jibu lina miguu miwili. Mnalinganisha bodi na lenzi kama vitu viwili tofauti, ngoja niwaletee bodi ambayo ni lenzi.

7D Mark II. Imetoka 2014, haina fulu fremu (sensa kubwa kama ya 6D), ni kropu ya 1.6 (sensa ndogo, picha inaonekana imevutwa karibu mara 1.6), na watu wa harusi wanaidharau kwa sababu hiyo ndo mana kwa mkononi bei yake imetulia, unaweza kuipata kwa bei za 6D. Sasa sikilizeni. Ina sloti mbili, CF na SD, lile la kadi kufa limeisha. Betri ni familia ile ile ya LP-E6. Nukta 65 za fokasi zote za msalaba na zimetapakaa karibu fremu nzima, siyo kurundikana katikati. Picha 10 kwa sekunde. Na chochote ukichomeka pale kinasogea mbele, 50 yako inaona kama 80, 24-105 inaona kama 38 mpaka 168.

Halafu kwa chenji inayobaki unachukua ile 85 f/1.8 ya dada BintiKitangiri. Ukiiweka kwenye 7D II inaona kama 136mm, kwa f/1.8. Simama pale pale kwenye nguzo yako, padri amani, wewe amani. Na 6D iko bega la pili na 24-105, hiyo ndo inakula ile nusu yako ya 24 mpaka 35. Huvui kitu chochote shughuli nzima.

Na Bujora usiniambie. Mimi ngoma ndo kazi yangu, nimezaliwa Kisesa. Mwezi wa sita pale ni jua na vumbi, wachezaji wa bugobogobo wanarusha majembe hewani na kuyadaka, wa nyoka nao wakianza duara la watu linakimbia kurudi nyuma na wewe unasombwa nalo, ukifungua kamera ubadilishe lenzi katikati ya vumbi lile sensa yako utaifanyia usafi mpaka Krismasi. Pale shata 1/1000, picha 10 kwa sekunde, jembe limesimama hewani juu ya kichwa cha mtu, mwanga hauna shida mchana kweupe. Unataka Wagalu na Wagika, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wote watoke vizuri mana usipowapa haki upande mmoja hutalala pale Kisesa.

Kamongo

Hoja nzuri ila ukumbini kelele. Kropu ya 2014 kwenye ISO 6400 si mchezo, nimeshaziona.

Bugobogobo

Kelele zipo kaka sikatai. Piga hesabu lakini, kropu ya 1.6 inakupotezea kama stopu moja (stopu ni mwanga mara mbili) na kidogo ukilinganisha na fulu fremu. Na kutoka f/2.8 kwenda f/1.8 unapata stopu moja na kidogo. Kwa hiyo 85 kwenye 7D II gizani inakuwa sawa sawa na kuwa na 70-200 f/2.8 kwenye 6D ukiwa umevuta 135, kelele zile zile, hata nyuma kunayeyuka vile vile. Tofauti ni kwamba kwa hela ile ile umepata na kamera.

BintiKitangiri

Hesabu imekaa sawa, nimeirudia. Mimi wasiwasi wangu ulikuwa 85 kwenye kropu ukumbini ni ndefu mno, huwezi kurudi nyuma meza zimejaa. Ila kumbe 50 ipo, kanisani anaweka 85, wakienda kupiga picha za ziwani anabadilisha mara moja kwa utulivu garini, ukumbini 50. Hiyo naikubali.

Kitu kimoja kidogo, ile 85 f/1.8 ni ya 1992, kwenye f/1.8 kabisa mbele ya taa kali au shela nyeupe kingo zinatoa zambarau kidogo. Shusha kwenye f/2.2 hivi inatulia. Na haifokasi karibu, inahitaji kama sentimita 85, kwa hiyo pete mezani tumia 24-105.

KijanaWaMjini

Bado nasema mnanunua vitu vya kale. Ila hesabu sijaipinga.

Mama Wawili

Mimi sina ubishi na bodi wala lenzi, nina ubishi na namna mnavyonunua. Mdogo wangu usije ukatuma hela Dar kwa mtu umemjua kwenye kundi la WhatsApp halafu ukae stendi ya Nyegezi usubiri kifurushi kwenye basi. Huko ni kununua mbuzi kwenye gunia. Mtafute mtu wa hapa hapa au panda basi ufuate mwenyewe, na ukifika usione aibu, mpige mnada kwa macho.

Beba kompyuta na waya wa USB. Canon kwenye hizi bodi haiandiki idadi ya shata (imepiga mara ngapi) ndani ya faili la picha kama Nikon, unahitaji programu ya kuisoma kamera ikiwa imechomekwa, zipo. 7D II shata yake imekadiriwa 200,000, 5D III ni 150,000, 6D ni 100,000, siyo kwamba ikifika hapo inakufa, nyingine zinapita mbali, ila muuzaji akikwambia "haijatumika sana" na wewe una namba mkononi bei mnaongea vizuri. Beba kadi zako mwenyewe, CF na SD, jaribu sloti zote mbili, watu wengi wanajaribu moja, na kabla hujachomeka CF chungulia ndani uone vile vipini havijapinda, kimoja kikipinda hiyo sloti kwaheri. Piga mbingu nyeupe kwa f/16 uone madoa ya sensa. Bonyeza kila kitufe, hasa kile cha nyuma cha fokasi na kile kijiti. Washa flashi juu yake uone inapiga, kuna bodi nyingi mguu wa flashi umelegea.

Lenzi sasa, hapa kwetu ndo penyewe. Fungua apacha yote, mulika na tochi ya simu kutoka nyuma, angalia kwa pembeni siyo moja kwa moja. Ukiona kama utando wa buibui au vijinywele, hiyo ni fangasi, rudisha hata kama anakupa bure, usiiweke kwenye begi moja na zako. Na ukishanunua usiiweke kabatini ndani ya mfuko wa ngozi. Mimi natumia lile dishi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, naweka vipakiti vya silika, vikishalowa unyevu nabadilisha, na mvua za masika nafungua kila mara kukagua. Ukitoka kupiga watu kwenye mtumbwi au kwenye kivuko futa kwanza ndo ufunike, usifungie unyevu ndani.

La mwisho, muuzaji akuandikie karatasi ina namba ya kamera na majina yake na nakala ya kitambulisho. Akikataa kitambulisho wewe kataa kamera.

Mzee wa Flashi

Huyu mama asikilizwe.

FotoWaPasiansi

Aisee. Kwa kweli 7D II sikuwa nimeifikiria hata kidogo, nilikuwa na akili kwamba kutoka fulu fremu kwenda kropu ni kurudi nyuma. Nimeenda kuwauliza mafundi wangu wa hapa mjini, ipo moja Igoma, jamaa alikuwa anapigia picha za mpira, anasema shata iko kama nusu ya maisha yake na anataka bei ambayo nikishusha kidogo 85 nayo inaingia. Ndo najiandaa kuifuata.

70-200 nimeamua nikipata kazi inayoihitaji kweli naazima kwa mtu na kumlipa, hela naiweka kwenye bei ya mteja.

Swali langu la mwisho, mkitumia kamera mbili picha hazichanganyiki? Nimeona kazi ya jamaa mmoja bibi harusi ameshafika ukumbini halafu picha inayofuata anatoka saluni.

Kamongo

Hiyo ni saa. Asubuhi ya kazi weka saa za kamera zote mbili zilingane, mpaka dakika. Usiziamini hata hivyo, zinapishana taratibu. Mimi kabla sijatoka nyumbani napiga picha saa ya simu yangu, inayoonyesha na sekunde, kwa kila kamera, picha moja moja. Ukirudi ukikuta zimepishana unachagua picha zote za kamera moja kwenye Lightroom unazisogeza muda kwa ile tofauti, zinapangika zenyewe. Na yape mafaili majina tofauti kwenye menyu ya 7D II, ile ya kuandika herufi zako, usije ukakuta IMG namba moja mara mbili moja ikaifuta nyingine wakati wa kuhamisha.

Rangi usiache kwenye oto, kamera ijichagulie. Weka Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) kwa mkono, zote namba ile ile, ukumbi ukibadilika unabadilisha zote. 6D na 7D II hazitalingana asilimia mia ila utaziweka sawa kwa mara moja, siyo picha kwa picha.

Bugobogobo

Na vidole vitakusumbua mwanzoni, 6D vitufe vya kuangalia picha viko kulia vyote, 7D II viko kushoto. Utabonyeza hewa wiki za kwanza, zoea nyumbani kabla ya kazi ya watu. Kitufe cha nyuma cha fokasi weka kifanye kazi moja kwenye zote.

Mkanda wa kamera mbili tafuta ule wa mabega yote, fundi viatu mzuri anakushonea wa ngozi, mwambie aweke na kamba ya usalama.

SatoWaKukaanga

Kwa hiyo mwisho wa siku ananunua 85. Lenzi. Nilisema toka juzi.

FotoWaPasiansi

😂😂 Sato haya umeshinda. Wakuu, Jumamosi asubuhi kabla sijaenda kwenye sendofu napitia Igoma kuiona. Kompyuta ninayo, waya ninao, SD ninazo. CF sina hata moja, sijawahi kumiliki, na Mama Wawili kasema nijaribu sloti zote mbili. Nani ana CF ya kuniazima siku moja?

Mama Wawili

Mimi ninayo, niko Kirumba karibu na Mwaloni, njoo Ijumaa jioni nikishatoka kazini, na kisoma kadi chake ninacho mana kompyuta yako haitakuwa na tundu la CF. Ila Jumapili nataka vyote virudi, kuna mtu aliniazima mwaka jana nikaambiwa "kesho dada", mpaka leo.

Kamongo

Alikuwa Sato huyo.

SatoWaKukaanga

Kesho dada